Kutoka Geneva hadi kwenye barafu: Safari ya familia inapokuwa darsa

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuhimiza katika Kitabu chake, tena zaidi ya mahali pamoja, tutembee katika ardhi na tutazame. Wanazuoni wamezieleza aya hizo kwa urefu, na maelezo yao yanakutana katika jambo moja: anayetembea bila ya kuzingatia hurudi kama alivyoondoka. Hata hivyo, kwa familia nyingi za Kiislamu katika miji yetu, safari imebaki na sababu tatu tu: harusi, msiba, na kwa aliyejaaliwa, Hijja au Umra. Safari ya mapumziko ya baba, mama na watoto huonekana ni anasa ya watu wengine. Wapo pia wanaoiogopa, kwa kuwa wanaona huko ndiko swala hupotea na adabu hulegea.

Makala haya yanaeleza safari moja ya namna hiyo, iliyofanyika Julai 2025 nchini Uswisi. Kaka yangu mkubwa anaishi Geneva kwa kazi, na alitualika mimi, mama watoto na binti yetu wa miaka tisa tukae naye siku za likizo. Alikuwa na haja yake. Mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka kumi na minne, alikuwa anasali nyumbani bila ya kuhimizwa, lakini akitoka nje anaona haya. Shuleni, uwanjani, kwenye kituo cha treni, hataki aonekane kuwa ni mtu wa swala. “Simlazimishi,” aliniambia kaka, “lakini nataka aione swala mahali ambapo hakuna kuta za kuificha.” Basi tukapanga safari ya gari ya siku tano, kuufuata Mto Rhône kwenda juu, kutoka mjini Geneva hadi kwenye barafu unakozaliwa.

Mto wenye rangi mbili

Geneva ni mji wa mikutano. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Umoja wa Mataifa barani Ulaya, na mbele ya lango lake umesimamishwa mfano wa kiti kirefu cha mbao chenye mguu uliovunjika, kuwakumbuka waliokatwa viungo na mabomu ya kutegwa ardhini. Hapo pia ndipo ilipoasisiwa, mwaka 1863, kamati iliyokuja kuwa Msalaba Mwekundu, baada ya mfanyabiashara Henry Dunant wa mji huo kuwaona majeruhi wa vita vya Solferino, mwaka 1859, wakifa bila ya msaada. Katika jumba la makumbusho la shirika hilo tuliwaeleza watoto kuwa alama ya Hilali Nyekundu ilianza kutumiwa na Dola ya Uthmaniya mwaka 1876.

Ijumaa tulisali katika msikiti mkubwa wa Petit-Saconnex, uliofunguliwa mwaka 1978 na Mfalme Khalid wa Saudi Arabia. Msikiti huo una mnara. Minara mingine haiwezi kujengwa tena nchini humo, kwa kuwa katika kura ya maoni ya tarehe 29 Novemba 2009, asilimia 57.5 ya waliopiga kura waliamua ujenzi wake upigwe marufuku. Misikiti haikukatazwa, wala swala. Lakini kijana anayekua katika nchi iliyopiga kura hiyo anaweza kujifunza, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba dini yake ni kitu cha ndani. Haya ya mpwa wangu, kama wanavyomwita wengine mtoto wa ndugu, haikutoka hewani.

Jioni yake tulikwenda mahali panapoitwa La Jonction, ambapo Rhône, ukiwa umetoka ziwani, unakutana na mto mwingine uitwao Arve, utokao upande wa mlima Mont Blanc. Maji ya Rhône ni ya buluu, maangavu. Ya Arve ni ya kijivu, kama maji yaliyooshewa mchele. Mito hiyo hukimbia ubavu kwa ubavu kwa masafa kabla ya kuchanganyika. Binti yangu akauliza kwa nini mmoja ni msafi na mwingine ni mchafu, ilhali yote inatoka milimani. Baba yake mkubwa akamjibu kuwa hakuna uliokuwa mchafu, na kwamba atakuta jibu njiani.

Njia iliyopangwa kwa saa za swala

Mtu atokaye kwetu akifika Ulaya ya kati mwezi Julai, cha kwanza kinachomshangaza ni mchana usiokwisha. Jua la Geneva huzama baada ya saa tatu usiku. Wakati wa Isha huingia karibu na saa tano na kuendelea, na alfajiri haikawii. Watoto waliozoea Magharibi ya saa kumi na mbili na nusu huona kama siku imeharibika.

Hapa ndipo ruhusa za msafiri zinapoonekana kuwa ni rehema hasa. Kutoka Geneva hadi Sion, tulikolala usiku wa kwanza, ni kilomita zipatazo 160, masafa yanayozidi yale ambayo wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i wameyaweka kwa ajili ya kupunguza swala. Kwa kuwa hatukukusudia kukaa siku nne katika mji wowote wa njiani, tulikuwa wasafiri safari nzima. Adhuhuri na Alasiri tulizisali rakaa mbilimbili kwa pamoja. Magharibi, ambayo haipunguzwi, tuliisali rakaa tatu na kuikutanisha na Isha ya rakaa mbili mara tu jua lilipozama, watoto wakalala. Kibla nacho kilikuwa somo. Dar es Salaam tunaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, ama Uswisi mtu huelekea kusini-mashariki. Binti yangu alidhani tumekosea mpaka alipooneshwa ramani.

Tulipanga vituo kwa kufuata nyakati za swala, na si kinyume chake. Asubuhi ya Jumamosi tulisimama Lausanne, mji ambao Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imefanya makao yake tangu mwaka 1915. Katika jumba la makumbusho ya michezo tuliwasimulia watoto habari za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, waliotuletea medali mbili za fedha kutoka Moscow mwaka 1980. Baada ya hapo tulipita kando ya ngome ya Chillon, iliyojengwa juu ya mwamba ndani ya maji ya ziwa, tukaingia katika bonde la Valais lenye milima pande zote mbili.

Kituo cha swala ya kwanza kilikuwa uwanja wa kuegesha magari kando ya barabara kuu. Tulitandika mikeka penye majani, nyuma ya meza ambazo wasafiri wengine walikuwa wakila. Kijana alibaki ndani ya gari. Alisema atasali tukifika. Kaka hakumgombeza wala hakumwita mara ya pili. Tulisali, tukakunja mikeka, tukaendelea. Usiku ule Sion alisali peke yake chumbani, kwa ukamilifu.

Baiskeli katika bonde la matunda

Uswisi imejaa njia za baiskeli zilizowekewa alama, na njia ya kwanza ya taifa ndiyo inayofuata Mto Rhône. Jumapili asubuhi tulikodi baiskeli Sion na kuteremka hadi Martigny, mwendo wa kilomita 30 hivi juu ya tuta la mto. Njia ni tambarare na haina magari. Kulia na kushoto ni bustani za matunda, hasa aprikoti, ambazo mwezi Julai huwa zimeiva. Wakulima huziuza kando ya njia.

Atakayependa kufanya safari hiyo na familia ayazingatie mambo mawili. La kwanza ni upepo. Mchana, bonde likishapata joto, upepo hupanda kutoka Martigny kuelekea juu, nao ni mkali. Anayeteremka alasiri atapigana nao njia nzima, kwa hiyo ni bora aanze mapema, na arudi kwa treni. La pili ni mavazi. Shemeji yangu na mama watoto walivaa suruali pana chini ya kanzu fupi zilizofika magotini, na mitandio ya kitambaa chepesi iliyobanwa vizuri chini ya kofia ngumu, bila ya ncha zinazoning'inia. Kanzu ndefu na gurudumu havipatani.

Ni huko juu ya tuta ambako binti yangu alipata jibu lake. Mto ule ule uliokuwa wa buluu Geneva, huku ulikuwa wa kijivu kama ule mwingine. Barafu ya milimani inaposonga husaga miamba iliyo chini yake mithili ya jiwe la kusagia nafaka. Unga wake laini huchukuliwa na maji, nao ndio unaoyapa rangi ile. Rhône ukiingia katika Ziwa Geneva, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 580, maji hutulia, unga hutuama chini, na mto hutoka upande wa pili ukiwa mwangavu. Mto Arve haukupata ziwa la kutulia. Kumbe uangavu ule wa mjini una historia ndefu milimani.

Kijiji kilichofukiwa

Jumatatu tulipanda bonde kuelekea mashariki. Upande wa kushoto wa barabara kuna mlango wa bonde dogo liitwalo Lötschental. Hatukuingia. Tarehe 28 Mei mwaka huo huo, wiki chache kabla ya sisi kupita, mto wa barafu uitwao Birch uliporomoka pamoja na mawe ya mlima uliokuwa juu yake, ukakifukia sehemu kubwa ya kijiji cha Blatten. Wakazi wake wapatao 300 walikuwa wamekwisha kuhamishwa siku kadhaa kabla, pamoja na mifugo, kwa kuwa wataalamu waliona mlima unasogea. Mtu mmoja alipoteza maisha. Wengine walibaki hai, ila hawana nyumba, mashamba wala makaburi ya wazee wao.

Kaka alisimamisha gari mahali pa usalama, tukakaa kimya kidogo. Tuliwaeleza watoto kuwa watu wale waliokolewa kwa sababu mbili zisizopingana: qadari ya Mwenyezi Mungu, na wanaadamu waliokuwa macho wakipima mlima usiku na mchana, kisha wakasikilizwa waliposema ondokeni. Kumfunga ngamia na kutawakali ni mafundisho ya dini yetu. Pale tuliyaona yakiwa yameokoa kijiji.

Nadhiri ya watu wa Fiesch

Tulilala katika kijiji cha Fiesch, chini ya mto mkubwa wa barafu kuliko yote katika milima ya Alps, uitwao Aletsch. Mto wa barafu ni theluji iliyoanguka juu ya milima miaka kwa miaka, ikashindiliwa na uzito wake mpaka ikawa barafu nzito, nayo hutambaa polepole kuteremka bondeni. Aletsch una urefu wa kilomita 20 hivi, na penye kina kirefu zaidi barafu yake inazidi mita 800. Eneo hilo limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001.

Watu wa Fiesch ni Wakristo wa Kikatoliki, na kisa chao kinastahiki kusikika na kila mwenye dini. Karne nne zilizopita barafu ilikuwa inakua. Iliteremka kuelekea malishoni, na maziwa yaliyozuiwa na barafu yalipopasuka yaliletea vijiji mafuriko. Mwaka 1678 wanakijiji waliweka nadhiri ya kuishi kwa uchaji, na wakawa wakiomba barafu irudi nyuma. Vizazi vikarithishana dua hiyo. Kisha barafu ikarudi nyuma kweli, na ikazidi kurudi, mpaka watu wakaogopa kinyume cha walichokuwa wakikiogopa babu zao. Kwa kuwa nadhiri ile ilikuwa rasmi katika kanisa lao, walilazimika kuomba ruhusa ya kuibadilisha, na mwaka 2010 Vatican iliridhia. Sasa wanaomba barafu isiondoke.

Imani yao si yetu, na Mwislamu anajua amwombe nani na vipi. Lakini tulikaa mezani usiku ule tukikizungumza kisa hicho. Watu hao wamejua hofu zote mbili, ya neema kuzidi na ya neema kuondoka. Mwanaadamu humlilia Mola wake wakati wa dhiki, kisha akishapewa faraja husahau. Wao walau hawakuacha kuomba.

Juu ya barafu

Siku ya Jumanne ndiyo tuliyoifuata. Kutoka Fiesch mtu hupanda kwa behewa dogo linaloning'inia kwenye waya hadi Fiescheralp, kisha hutembea kupitia handaki lenye urefu wa kilomita moja hivi, akatokea bonde la Märjela, penye maziwa madogo na mawe matupu. Hapo barafu iko mbele yake. Shemeji, mama watoto na wadogo walibaki kwenye maziwa. Mimi, kaka na kijana wake tuliendelea pamoja na wageni wengine wachache, tukiongozwa na mzee mmoja wa milima hiyo.

Hakuna anayepaswa kukanyaga barafu hiyo bila ya kiongozi. Juu yake kuna nyufa zenye kina kirefu, na baadhi yake hufunikwa na theluji nyembamba isiyoweza kumbeba mtu. Kila mmoja wetu alifungiwa viatuni vyuma vyenye meno, tukafungwa kamba moja kiunoni, mmoja nyuma ya mwingine. Ukivuta, mwenzako anajua. Ukianguka, wenzako wanakuzuia. Hapana nafasi ya mtu kusema atakwenda mwendo wake. Kwa mbali barafu huonekana nyeupe, lakini ukiwa juu yake ni ya kijivu kwa vumbi na mawe, na ndani ya nyufa ni ya buluu. Chini yake husikika maji yakienda. Sauti hiyo haikutuacha muda wote.

Kiongozi wetu alizungumza Kijerumani cha kwao na Kifaransa. Sisi wawili wazee Kifaransa chetu ni cha dukani, hivyo kijana akawa mkalimani. Mzee alituonesha ubavuni mwa mlima alama za mahali barafu ilipofika zamani, juu sana ya vichwa vyetu. Kipo kibanda cha wapanda milima mahali paitwapo Konkordia. Kilipojengwa mwaka 1877 kilikuwa mita 50 tu juu ya barafu. Leo anayekiendea hupanda ngazi za chuma zaidi ya 400, kwa kuwa barafu imeshuka na kibanda kimebaki pale pale.

Kisha mzee akasimulia nadhiri ya kijiji chake, naye hakujua kuwa tumekwisha kuisikia. Alipomaliza akamuuliza kijana: nyinyi Waislamu, mvua au maji yakipungua mnaomba vipi?

Kijana alimgeukia baba yake. Kaka akamwambia kwa Kiswahili, “Jibu unachokijua.” Akaeleza, kwa Kifaransa chake cha shule, kuwa ipo swala ya kuomba mvua, kwamba watu hutoka nje uwanjani, hawabaki ndani ya msikiti, huenda kwa unyenyekevu, wakubwa kwa wadogo, wakaomba msamaha wa dhambi zao kwanza. Alikuwa ameyasoma madrasa. Sidhani kama aliwahi kuyasema kwa mtu yeyote nje ya madrasa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema ni vizuri kwamba nanyi mnatoka nje.

Tuliporudi ukingoni, penye mwamba uliolala, wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia. Kijana ndiye aliyemwambia kiongozi kuwa tunahitaji dakika chache. Mzee akatazama saa yake, akasema tunazo ishirini. Maji yalikuwa ya baridi inayouma mifupa, lakini kwa miguu tulipata nafuu: viatu vya mlimani hufunika vifundo vya miguu, na aliyevivaa akiwa na udhu anaruhusiwa kupaka maji juu yake badala ya kuvua, siku tatu na usiku wake kwa msafiri. Kijana akatafuta Kibla, akaadhini kwa sauti ya kawaida, si kubwa si ndogo. Wageni wengine waliendelea kula mikate yao. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga picha.

Sitadai kwamba safari moja hutibu kila kitu. Ninaloweza kushuhudia ni kuwa kesho yake, kwenye maegesho ya magari yaliyojaa watu, yeye ndiye aliyetoa mikeka nyuma ya gari.

Chanzo cha mto

Jumatano tulipanda barabara ya mwinamo wa Furka, inayofika zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kwa kona zinazomfanya dereva asome dua zote anazozijua. Mabasi ya posta hupiga honi ya sauti tatu kabla ya kona, na gari dogo hutakiwa kuyapisha. Karibu na kilele kuna hoteli ya zamani iitwayo Belvédère, iliyojengwa ili wageni waitazame barafu ya Rhône kutoka madirishani. Sasa imefungwa, na barafu haiko tena mbele ya madirisha yake.

Katikati ya karne ya 19 barafu hii ilishuka hadi chini bondeni, karibu na Gletsch. Leo bondeni kuna mawe, na barafu imejikunja juu, mbele yake kuna ziwa ambalo halikuwapo. Kwa miaka mingi wenyeji wamekuwa wakiifunika sehemu yake kwa mablanketi meupe wakati wa kiangazi ili isiyeyuke upesi. Inafanana na mgonjwa aliyefunikwa shuka. Uswisi ina mito ya barafu ipatayo 1,400, na katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, ilipoteza asilimia 10 ya barafu yake yote. Wataalamu wanaeleza sababu: theluji kidogo ya majira ya baridi, na joto kali la kiangazi katika dunia inayozidi kupata moto kwa gesi za makaa ya mawe, mafuta na mioshi ya viwanda.

Kutoka hapo Rhône husafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Bahari ya Mediterania. Unanywesha bustani za aprikoti, unageuza mitambo ya umeme, unalijaza ziwa la Geneva. Watu wa mjini wanaokunywa maji hayo wengi wao hawajawahi kuiona barafu.

Barafu ya kwetu

Msomaji asidhani kuwa haya ni ya Wazungu. Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912, na ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 ilitaja barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya kuwa miongoni mwa zinazotarajiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050. Mtoto anayesoma darasa la kwanza leo huenda akawasimulia wanawe juu ya kofia nyeupe ya Kibo kama tunavyosimulia habari za kale.

Iko tofauti moja muhimu. Mito ya Uswisi hupata sehemu kubwa ya maji yake ya kiangazi kutokana na barafu. Mito ya Kilimanjaro hutegemea zaidi mvua na msitu unaouzunguka mlima. Barafu ya Kibo hatuwezi kuifunika blanketi, lakini msitu tunao mikononi. Anayekata mti wa mlima bila ya haki, anayechoma ovyo, anayeziba chemchemi, anakula amana ya watu ambao hawajazaliwa.

Kwa familia inayotaka kusafiri

Si kila familia itafika Uswisi, wala haina haja. Marangu, Lushoto na Uluguru ziko karibu, na mafunzo ni yale yale. Kwa atakayejaaliwa kwenda ng'ambo, haya machache yatamfaa.

Chakula kiulizwe kabla ya kuagizwa. Uswisi ilipiga marufuku tangu mwaka 1893 kuchinja mnyama bila ya kumpoteza fahamu kwanza, kwa hiyo nyama ya halali ya ng'ombe na kondoo kwa kawaida huletwa kutoka nje na hupatikana mijini zaidi kuliko milimani. Jibini la moto liitwalo fondue kwa desturi hupikwa kwa divai, basi liepukwe. Lile liitwalo raclette ni jibini lililoyeyushwa, huliwa na viazi. Sisi tulibeba mchele, maharage na jiko dogo.

Dereva akumbuke kuwa huko gari hupita kulia, na barabara kuu zinahitaji stika ya mwaka ya faranga 40. Nyakati za swala ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kuondoka, kwani milimani simu hukosa mtandao. Masuala ya kupunguza na kukutanisha swala yaulizwe kwa sheikh wa mtu mapema, yasibishaniwe njiani mbele ya watoto. Na mtoto apewe kazi: huyu Kibla, huyu saa, huyu adhana. Aliyepewa amana huacha kujiona abiria.

Mwisho, ziko hesabu ambazo kila familia inaweza kuzifanya bila ya nauli. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Mimi ni katibu wa msikiti na bili ya maji hupita mikononi mwangu kila mwezi. Najua ni vibaba vingapi vinavyomwagika katika mabomba yetu kabla ya mtu mmoja kumaliza kuosha uso. Jumamosi hii, chukua chupa ya nusu lita na kopo, keti na wanao uani, na mpime pamoja kila mmoja anatumia kiasi gani. Binti yangu alianza na chupa nne. Sasa amefika moja na nusu, na anaendelea kupunguza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuziona neema zake zikingali mikononi mwetu, na watoto wasioona haya kumsujudia popote watakapokuwa. Amin.